Mzani Ukigoma: Hatua za Kuukwamua Uzito Uliosimama

Miezi miwili ya kwanza huwa mitamu. Umeacha soda, umepunguza ugali, asubuhi unatembea, na kila Jumamosi mzani unashuka. Suruali inataka mkanda, kazini wanakuuliza unatumia nini. Kisha mzani unagoma. Wiki ya kwanza unasema ni maji. Wiki ya tatu unaanza kuushuku mzani wenyewe. Wiki ya tano shoga yako anakuletea pakiti ya chai ya kukata tumbo, nawe unaipokea kwa mikono miwili.

Iweke pembeni kwanza hiyo chai. Uzito kusimama humpata karibu kila anayepungua, na mara nyingi sababu zake zinahesabika kwa kalamu na daftari. Mpangilio ninaoufuata hapa ni huu: hakikisha umekwama kweli, piga hesabu upya, msake mharibifu jikoni, na mazoezi yaje baada ya hapo. Wengi huenda kinyume. Mzani ukigoma wao huongeza mchakamchaka, wanarudi nyumbani na njaa ya simba, na jikoni hakuna kilichobadilika.

Hatua ya 1: Hakikisha umekwama kweli

Uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku chache bila mafuta ya mwili kuongezeka. Chumvi ya mishkaki ya jana hushika maji. Choo kilichochelewa nacho kinapimwa. Mwanamke anayekaribia hedhi hubeba maji ya ziada kwa siku kadhaa, na aliyeanza mazoezi mapya misuli yake huvimba kidogo inapojijenga. Kwa hiyo mtu anayejipima mara moja kwa wiki anaweza kupungua kweli na mzani usimwambie.

Jipime asubuhi, ukitoka msalani, kabla ya chai, ukiwa na nguo zilezile nyepesi, mzani ukiwa kwenye sakafu ngumu na si juu ya zulia. Fanya hivyo siku 7, andika, tafuta wastani. Wiki inayofuata rudia, kisha linganisha wastani kwa wastani. Mwanamke alinganishe pia wiki za namna moja katika mzunguko wake, maana wiki ya kabla ya hedhi na wiki ya baada yake hazifanani. Kama huna mzani nyumbani na unategemea ule wa mtaani, chagua mmoja tu na usihame. Wa stendi na wa duka la dawa hawatasema lugha moja.

Chukua pia tepu ya fundi cherehani. Pima kiuno katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi, tumbo likiwa limelegea. Kiuno kikipungua huku mzani umesimama, bado hujakwama, hasa kama umeanza mazoezi ya nguvu. Wiki 4 zikipita, wastani haujashuka na tepu nayo iko palepale, hapo tunazungumza.

Jambo jingine: usiulinganishe mwezi wa nne na mwezi wa kwanza. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takribani gramu 3 za maji. Ukipunguza kula, akiba hiyo hutoka mwanzo pamoja na maji yake. Zile kilo 3 au 4 za haraka hazikuwa mafuta yote, na kasi ile hairudi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwili ulio nao leo

Tumchukue mama wa miaka 40, urefu sentimita 162, aliyeanza na kilo 92. Kuna kanuni iliyochapishwa mwaka 1990, ya Mifflin na St Jeor, ambayo wataalamu wa lishe huitumia sana: uzito kwa kilo mara 10, jumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, kisha mwanamke atoe 161, mwanamume ajumlishe 5. Kwa mama huyu inatoka kama kalori 1,570, ambazo mwili ungetumia hata angelala kutwa nzima. Zidisha kwa 1.4, ambayo inamfaa mtu wa kazi ya kukaa anayetembea kidogo, unapata kama 2,200 kwa siku.

Alipoanza alikuwa anakula 1,700. Pengo lilikuwa 500 kwa siku, 3,500 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takribani kalori 7,700, hivyo akawa anapoteza karibu nusu kilo kila wiki. Vizuri.

Leo ana kilo 80. Rudia hesabu: 1,450, mara 1.4, ni kama 2,030. Chakula ni kilekile cha 1,700 lakini pengo limebaki 330. Hajafanya kosa lolote. Mwili mdogo unatumia kidogo, basi. Na kuna la ziada. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba mtu aliyepungua asilimia 10 ya uzito wake hutumia nishati pungufu kuliko udogo wake wa sasa unavyoeleza. Mwili unabana matumizi. Wewe mwenyewe unaanza kukaa zaidi, kutikisa mguu kidogo, kumtuma mtoto dukani badala ya kwenda, na hujioni. Tukikisia kwamba hilo limekula kalori 100, pengo limebaki 230.

Sasa kumbuka kwamba vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia ni kalori 240. Hapo ndipo uzito unapokwama.

Fanya hesabu yako mwenyewe kabla ya kusonga mbele. Haitakuwa sahihi kwa asilimia 100, ila itakuonyesha ukubwa wa shimo unalotafuta. Na uifanye upya kila unaposhuka kilo 5.

Hatua ya 3: Anza na chupa ya mafuta, ugali uache kwanza

Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu wanene waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Walipopimwa kwa vipimo vya kitaalamu, ilionekana walikuwa wanaripoti chakula pungufu kwa asilimia 47, na wanaripoti mazoezi zaidi kwa asilimia 51. Miili yao ilikuwa inachoma nishati kama kawaida. Siwaiti waongo. Jicho la binadamu halijui kupima chakula, na kumbukumbu yake ina huruma.

Kwetu kuna ugumu wa ziada: tunapika chungu kimoja na kupakua. Zile programu za simu za kuhesabu kalori zinajua mkate wa Ulaya vizuri, lakini ukiziuliza maharage ya nazi ya nyumbani kwenu zinabahatisha, kwa sababu hazijui nani alimimina mafuta siku hiyo. Kwa hiyo acha kupima sahani, pima kinachoingia jikoni.

Unaponunua lita ya mafuta, andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito. Ikiisha, andika tena. Lita moja ina takribani kalori 8,300. Kama mko watu wanne na imeisha kwa siku 5, kila mmoja amekula kama kalori 415 za mafuta matupu kwa siku, kabla ya kuhesabu ugali, wali wala nyama. Mama wetu wa kilo 80 amebakiwa na pengo la 230. Amekuwa akijinyima ugali huku mafuta yanapita mlango wa nyuma.

Lengo la kuanzia: lita hiyo idumu siku 10. Hapo umeokoa zaidi ya kalori 200 kwa siku kwa kila mtu, bila kuondoa tonge hata moja. Namna ya kufanya ni rahisi ila inataka ubishi kidogo na aliyezoea kumimina. Kijiko cha chakula kikae karibu na jiko na mafuta yapimwe kwacho. Kitunguu kikianza kushika sufuria, ongeza maji kidogo, usiongeze mafuta. Samaki abanikwe au achemshwe kwa ndimu na nyanya. Dagaa wakaangwe vikavu kwanza mpaka wakauke, halafu wamaliziwe na kijiko kimoja. Chapati ziwe za siku moja katika wiki. Chapati moja ya kusukuma iliyokaangwa vizuri inaweza kufika kalori 300, na hakuna anayekula moja.

Tui nalo ni mafuta. Sisemi uache wali wa nazi, nani atakusikiliza. Tumia tui jepesi la mkamuo wa pili, na siku ya wali wa nazi mboga iwe chukuchuku. Wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa nazi katika sahani moja ni chakula cha harusi.

Wengine watakwambia mafuta ya alizeti ni mepesi. Kwa moyo yana nafuu kuliko ya mawese au samli, hilo kweli. Kwa kiuno hayana tofauti: mafuta ya aina yoyote, hata ya mzeituni ya bei ya kutisha, ni kalori 9 kwa gramu.

Fanya hivyohivyo kwa sukari. Kilo ina karibu kalori 4,000. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vidogo vitatu kila kimoja ni kama 145 kwa siku, na asali haikuokoi. Soda ya chupa ya mililita 350 ina gramu 35 hadi 40 za sukari. Juisi ya embe ya nyumbani iliyotiwa sukari inakimbizana nayo, ingawa mgeni akiikataa anaonekana anakataa afya. Bia ya nusu lita ni kama 200.

Baada ya chupa ya mafuta na mfuko wa sukari, daftari. Kwa siku 7 andika kila kinachoingia mdomoni, na andika kabla ya kula. Utashangazwa na vitu vidogo. Anayepika anaonja mara sita. Mzazi anamalizia makombo ya watoto ili visitupwe. Karanga za kwenye foleni, kiganja kimoja cha gramu 30 ni kalori 170. Parachichi kubwa zima linaweza kuzidi 300. Vyakula hivi ni vizuri, daktari atavisifu, lakini uzuri wake hauondoi hesabu yake.

Na kuna Jumamosi. Mwenye pengo la 330 akijibana siku 6 ameweka akiba ya kalori 2,000 hivi. Aende kwenye shughuli, apate pilau, kuku wa kukaanga, sambusa, keki, na bia nne ambazo peke yake ni 800, akiba yote inaweza kuishia ukumbini. Jumapili supu ya kongoro na chapati mbili. Jumatatu anauliza kwa nini hapungui na "wiki nzima nimejitahidi". Usikatae kwenda. Kula yai na mboga nyumbani kabla ya kutoka, sahani ya ukumbini iwe moja, kinywaji kitamu kimoja kisha maji.

Hatua ya 4: Jaza sahani kwa vinavyoshibisha

Ukibana mafuta na sukari bila kuongeza kitu, njaa itakurudisha ulikotoka. Kinachoshika tumbo kwa muda mrefu na kulinda misuli ni protini. Mtu anayepungua huhitaji gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mama wa kilo 80 ni kuanzia gramu 96 kwa siku. Yai moja lina 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kipande cha samaki cha gramu 100 zaidi kidogo ya 20. Dagaa wakavu ndio bingwa wa mfuko mdogo, kwani sehemu kubwa ya uzito wao ni protini. Gawa mara tatu kwa siku. Wengi wetu kifungua kinywa ni chai na maandazi, protini hakuna kabisa, ndiyo maana saa nne tumbo linapiga kelele. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kabla ya kuongeza protini.

Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu, kabichi, kachumbari. Robo protini, robo wanga. Ugali uwe ukubwa wa ngumi yako, na uanze na mboga na kitoweo kabla ya kuugusa. Dona lina nyuzinyuzi kuliko sembe na linashibisha zaidi, ila kalori zao zinakaribiana, kwa hiyo mlima wa dona bado ni mlima.

Usishuke chini ya kalori 1,200 kwa mwanamke au 1,500 kwa mwanamume bila usimamizi wa daktari. Ukibana mno utapoteza misuli, utakuwa mkali kwa watu wa nyumbani, na usiku wa saa tano utafungua kabati.

Kuhusu kufunga kwa saa 16: kunafaa pale tu jumla ya siku inaposhuka. Ushahidi tunao kila Ramadhani. Kuna wanaofunga mwezi mzima na kuvaa kanzu ya Idi kwa tabu, kwa sababu ya kaimati, tambi, sambusa na uji wa sukari wa kila magharibi.

Hatua ya 5: Sasa mazoezi, na yawe ya nguvu

Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa hapahapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi. Wanaume wa Kihadzabe walitembea kama kilomita 11 kwa siku wakiwinda na kutafuta asali, wanawake karibu 6. Nishati waliyotumia ilipopimwa na kulinganishwa na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, hapakuwa na tofauti ya maana. Mwili hupanga bajeti: ukitumia sana huku, unapunguza kule.

Kwa hiyo usitegemee miguu ifute mdomo. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita moja anatumia kama kalori 50 zaidi ya ambavyo angetumia amekaa. Kuifuta chapati moja ni kilomita 6. Hata hivyo mazoezi hayana mbadala katika kulinda misuli, kushusha presha na sukari, na kuzuia kilo zisirudi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Ni hiyo sehemu ya pili tunayoisahau, hasa wanawake wanaoogopa "kujaa kama wanaume". Hutajaa. Wanaojaa wanakula na kunyanyua kwa miaka.

Huhitaji jimu. Siku 3 kwa wiki, zisizofuatana, fanya hivi: kaa na kusimama kwenye kiti bila kushika popote, mara 10, sukuma ukuta, au meza imara, au sakafu kadiri unavyoweza, mara 8 hadi 10, inama na kunyanyua ndoo ya maji ya lita 10 kwa mgongo ulionyooka, mara 10, jiegemeze kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, sekunde 20. Pumzika dakika moja au mbili, rudia mzunguko mara 3. Mwili hujibu uzito unaoongezeka, kwa hiyo ikiwa rahisi usibaki hapo: kiti kiwe kifupi, ndoo iwe ya lita 20, sekunde ziwe 40. Wengi waliokwama wamekuwa wakifanya zoezi lilelile, kwa kasi ileile, tangu walipoanza.

Mwendo wa kawaida wa mchana nao uongezwe, kwa sababu ndio unaoibwa kimyakimya unapokula kidogo. Angalia simu inasema unapiga hatua ngapi kwa siku, ongeza 2,000 juu ya hapo. Shuka daladala kituo kimoja kabla. Dukani nenda mwenyewe.

Hatua ya 6: Lala, na ikibidi pumzika

Anayelala kwa muda wa saa 5 tu huamka na njaa zaidi na hamu ya vitu vitamu. Tafuta saa 7 za usingizi. Simu ikae mbali na kitanda. Sina la kuongeza hapo.

Kama umejibana kwa zaidi ya miezi minne mfululizo na umechoka, pumzika wiki 2. Kula kiasi cha kushikilia uzito ulipo, kwa mama wetu ni karibu 2,000, chakula kilekile safi ila sahani kubwa kidogo. Mzani unaweza kupanda kilo moja ya maji. Usishtuke, rudi kwenye mpango siku uliyopanga kurudi.

Badilisha mambo machache kwa wakati mmoja na uyape wiki 3 hadi 4 kabla ya kuhukumu. Anza na chupa ya mafuta.

Hatua ya 7: Lini uende hospitali

Chai nyingi za kukata tumbo zina senna, dawa ya kuharisha. Zinatoa maji na choo, mzani unashuka siku mbili, mafuta ya mwili hayajaguswa, na matumizi ya muda mrefu huvuruga tumbo na madini ya mwili. Irudishe ile pakiti.

Muone daktari kama umefuata haya kwa uaminifu na hakuna kinachosogea, au kama una uchovu usioeleweka, unahisi baridi wakati wenzako wanatoka jasho, nywele zinakatika, au hedhi imevurugika. Tezi ya shingo inayofanya kazi polepole hupimwa kwa damu. Tatizo la vifukomaji kwenye ovari nalo hufanya kupungua kuwe kugumu. Zipo pia dawa zinazoongeza uzito: insulini, baadhi ya vidonge vya kisukari, prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe), sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na ARV zenye dolutegravir. Usiache dawa yoyote kwa sababu ya mzani. Muulize aliyekuandikia kama kuna mbadala. Na kama unatumia insulini au glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari), zungumza naye kabla ya kupunguza chakula au kuongeza mazoezi, maana sukari inaweza kushuka ghafla hadi ukazimia.

Nenda na daftari: wastani wa mzani wa wiki 4, vipimo vya kiuno, chakula cha siku 7, na majina ya dawa zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba. Ukiulizwa "unakula nini?", mpe daftari asome mwenyewe.